Kaliba ya Gobore: Kwa Nini Niliishia Kwenye .45

Septemba iliyopita kijana mmoja wa Kitanzania anayeishi Ohio, Marekani, alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba, na katika dakika zote hizo swali lilikuwa moja tu: "Shikamoo kaka. Nataka kununua gobore la kulengea shabaha na kuwindia. Nichukue .45, .50 au .54?" Namba hizo ni kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu kwa inchi. Nilimjibu kwa sentensi mbili nikiwa njiani kwenda kazini, kwamba achukue .50 kama watu wote na asisumbuke. Jibu hilo halikuwa na kosa, ila lilikuwa la uvivu, kwa sababu mimi mwenyewe situmii .50, na ilinichukua miaka minne na bunduki tatu kujua kwa nini.

Nilikulia Sikonge, mkoani Tabora, ambako neno gobore halihitaji kufafanuliwa. Babu yangu alikuwa nalo, na lilikula chochote alichokuwa nacho: marisawa zikipatikana, na zisipopatikana, vipande vya nondo vilivyokatwa kwa patasi. Hivi karibuni nilimpigia simu baba mdogo nikamwuliza mdomo wa mtutu ule ulikuwa na upana gani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kidole gumba chake kilikuwa kinaingia chote, na changu wakati ule kilikuwa kinacheza ndani. Gumba la mtu mzima ni kama milimita 19, yaani robo tatu za inchi, na huo ndio upana wa musketi za zamani za jeshi la Uingereza. Bunduki za namna hiyo, zilizokwisha kupitwa na wakati Ulaya, zilimiminika bara kupitia Zanzibar katika karne ya 19, na ndizo walizozibeba rugaruga, askari wa mtemi Mirambo. Hata hivyo gobore la babu halikuwa na kaliba kwa maana ninayoijadili hapa, kwa kuwa kila kilichopita mdomoni kilikuwa risasi yake halali.

Bunduki ndefu za Pennsylvania, ninakoishi sasa, ni jamaa wa mbali wa gobore lile. Nazo hushindiliwa kwa mdomo, baruti kwanza na risasi baadaye, lakini ndani ya mtutu imechongwa mifereji inayojizungusha polepole kutoka nyuma hadi mbele, na mifereji hiyo ndiyo inayoipa risasi mzunguko ili iende moja kwa moja. Gololi ya madini laini ya risasi haigusani na chuma. Huvikwa kiraka cha pamba kilichopakwa mafuta, chenye unene wa kama nusu milimita, kisha husukumwa kwa mdeki, fimbo ya kushindilia, hadi ikae juu ya baruti. Kiraka ndicho kinachoshika mifereji, na gololi hukishika kiraka. Kwa hiyo mtutu wa .50, yaani nusu inchi au milimita 12.7, kwa kawaida hupewa gololi ya .490, na tofauti hiyo ndogo hujazwa na kitambaa. Gololi ikiwa nyembamba mno kiraka huungua na risasi hupotea njia. Ikiwa nene mno, utasukuma mdeki mpaka jasho likutoke na gololi isifike mahali pake. Hapa ndipo kaliba inapokuwa jambo la lazima.

Kiswahili kinalo neno kalibu, umbo la kumiminia madini, lililotoka katika Kiarabu, na wanaisimu wengi wanaamini kwamba neno kaliba la Wazungu lilianzia katika mzizi huohuo. Nililipenda jambo hilo nilipolijua, kwa sababu katika karne ya 18 fundi wa bunduki hapa Pennsylvania alimkabidhi mteja bunduki pamoja na kalibu yake. Mitutu ya chuma laini ilikuwa ikilika, na ilipolika fundi aliichonga upya, upana ukaongezeka, akatengeneza na kalibu nyingine. Bunduki ile ile ingeweza kuanza maisha ikiwa .45 na kuyamaliza ikiwa .50.

Sasa tuje kwenye hesabu, ambayo ningependa mtu angenionyesha kabla sijatoa fedha. Gololi ni duara kamili, na haina njia ya kuongeza uzito isipokuwa kwa kuongeza upana. Risasi ya bunduki ya kisasa inaweza kurefushwa bila kunenepeshwa, gololi haiwezi. Uzito wake hufuata upana uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu, na hivyo hatua ndogo mdomoni huwa hatua kubwa kwenye mizani. Gololi ya .32 ina kama greini 45, ambazo hazifiki gramu 3. Ya .36 ina greini 65, ya .40 inakaribia 93, ya .45 ina 128, ya .50 ina 177, ya .54 ina 224, na ya .58 inakaribia 280, ambazo ni gramu 18. Kutoka .45 hadi .50 upana unaongezeka kwa kama sehemu moja ya kumi tu, lakini uzito unapanda kwa zaidi ya theluthi. Kutoka .32 hadi .54 upana haujafika hata mara mbili, na uzito umekuwa mara tano.

Duara pia ni umbo baya la kupasua hewa. Gololi ya .50 inaweza kutoka mdomoni ikiwa na kasi ya futi 1,900 kwa sekunde, na ikifika yadi 100 imekwisha kupoteza karibu nusu ya kasi hiyo. Gololi nyepesi hupungua haraka zaidi, na upepo wa pembeni huichukua kama pamba. Ukiongeza baruti, kasi ya mdomoni hupanda, lakini sehemu kubwa ya nyongeza hiyo huliwa na hewa kabla risasi haijamfikia mnyama, na bega lako hulipa yote. Mwenye gololi anayetaka nguvu ya mbali hana budi kupanua mtutu, na asiyetaka kupanua mtutu hana budi kusogea karibu.

Waliotutangulia waliijua hesabu hii bila kuiandika. Mafundi wa Kijerumani waliohamia Lancaster na vitongoji vyake walikuja na bunduki fupi na nene za kwao, nyingi zikiwa na kaliba ya .60 hivi. Katika misitu ya hapa mnyama mkubwa wa kila siku alikuwa kulungu, umbali ulikuwa mfupi, na ratili moja ya risasi ilibebwa mgongoni kwa miezi. Mitutu ikarefuka kupita inchi 40, na kaliba ikashuka kuelekea.50 na .45. Walipovuka kwenda magharibi, wakakutana na nyati wa nyikani na dubu mkali, kaliba ikapanda tena, na ndugu Jacob na Samuel Hawken wa St. Louis wakajipatia jina kwa bunduki fupi, nzito, za .50 na .54. Huku nyuma, mashariki, kulungu walipokuwa wamepungua na waliobaki kwa wingi ni kindi, bunduki za .36 na .32 zikawa ndizo za kila nyumba. Kaliba ilipanda na kushuka ikimfuata mnyama.

Mimi nilianza kinyume cha hesabu hiyo. Bunduki yangu ya kwanza ilikuwa .54 inayowashwa kwa fataki, kikofia kidogo kinacholipuka na kuwasha baruti, iliyokwisha tumika, niliyoinunua katika mnada mmoja wa vifaa vya uwindaji kwa sababu ilikuwa nzito na nzuri, na kwa sababu muuzaji aliniambia kwamba kubwa hukosi kuitumia, ndogo huenda ukaijutia. Maneno hayo yana mantiki kwa anayekwenda Colorado kuwinda elki, wale kulungu wakubwa. Mimi nilikuwa nakwenda klabuni kila Jumamosi kutoboa karatasi zilizo yadi 25 na 50. Kitako chake kilikuwa na umbo la mwezi mchanga, kimefungwa shaba, na ncha zake mbili zilinisalimu begani kila mara. Kwa risasi kumi za kwanza nilikuwa mlenga shabaha. Kuanzia ya kumi na tano nilikuwa mtu anayefumba macho kabla ya mlio. Mzee mmoja wa klabu, aliyekuwa akinitazama bila kusema kitu kwa wiki tatu, alichukua bunduki yangu, akajifanya anaishindilia, akanirudishia bila kuweka fataki. Nikavuta kifyatulio. Hapakuwa na mlio, lakini mdomo wa mtutu ulishuka kwa upana wa kiganja. Alisema tu, "Unaona?"

Tabia ile ilinichukua mwaka mzima kuiacha, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba katika kulenga shabaha kaliba haina maana ilimradi baruti ipunguzwe. Ni kweli kwamba .54 hufanya kazi vizuri na greini 50 za baruti, na ni kweli kwamba tundu lake pana husaidia pale risasi inapogusa mstari na kupewa alama ya juu. Lakini nimepima: faida ya .54 juu ya .45 kwenye ukingo wa tundu ni milimita moja na kidogo, ilhali mtu anayeogopa bega lake hukosa kwa sentimita kumi.

Baada ya hapo nikakimbilia upande wa pili kabisa, nikaazima .32. Ni bunduki ya kupendeza. Ratili moja ya risasi hutoa gololi zaidi ya 150, baruti yake ni kama ya kuchezea, na kwa kindi waliokaa juu ya mti hakuna iliyo bora. Lakini mtutu mwembamba huziba masizi upesi, na mdeki wake ni mwembamba kama penseli. Siku moja ya Agosti, nikiwa nimesukuma gololi ya sita bila kupitisha kitambaa chenye unyevu, mti wa mdeki ulikatika na kipande chake kikanichoma kwenye kiganja. Kovu ninalo. Tangu siku hiyo, bunduki yoyote ninayoishindilia hushikwa mdeki karibu na mdomo, shibiri moja moja, na hupangusiwa kila baada ya risasi moja. Kuhusu upepo sitasema mengi. Kwa yadi 100,.32 inalenga jirani.

Ukiwauliza walenga shabaha wa gololi wakutajie kaliba yao bila habari ya uwindaji, wengi watakutajia .40 au .45. Chama cha kitaifa cha mchezo huu, kilichoanzishwa mwaka 1933, kina uwanja wake Friendship, Indiana, ambako mashindano makubwa hufanyika kila mwaka, na ukitembea nyuma ya mstari wa kufyatulia utaelewa sababu: watu wanafyatua tangu asubuhi hadi jioni, na kaliba hizo ni nzito kiasi cha kustahimili upepo mdogo na nyepesi kiasi cha kutomchosha mtu. Ningekuwa silengi chochote chenye uhai, ningechagua .40 na nisingegeuka nyuma.

Tatizo ni sheria, na sheria isomwe kabla ya orodha ya bei. Hapa Pennsylvania, msimu wa gumegume, yaani wa bunduki ambazo jiwe hugonga chuma na kutoa cheche ya kuwasha baruti, ulioanza mwaka 1974 na ambao hufunguliwa baada tu ya Krismasi, unadai bunduki ya mtambo wa gumegume yenye kaliba isiyopungua .44 kwa kulungu. Kwa hiyo .40 imefungiwa mlango na .45 imepita kwa unywele. Colorado huruhusu kuanzia .40 kwa kulungu, lakini risasi lazima iwe na greini 170 au zaidi, uzito ambao gololi ya .40 na ya .45 haziufikii, na kwa elki hudai.50 na kuendelea. Ukisoma kanuni hiyo kwa makini utaona kwamba mwenye gololi huko huanzia .50, yenye greini zake 177, hata kama kaliba ndogo imetajwa. Kila jimbo lina yake, na serikali ya shirikisho kuziita bunduki hizi za kale hakuzuii jimbo kuwa na kanuni zake za uwindaji.

Basi kwa mtu mwenye bunduki moja ya kazi zote mbili, mabishano hubaki kati ya .45 na .50. Hoja za .50 ni za kweli. Madukani ndiyo iliyojaa, gololi za .490 hupatikana hata kwenye duka la mji mdogo, na tangu kampuni ya Thompson/Center ilipotoa Hawken yake mwaka 1970, bunduki zilizotumika za kaliba .45 na .50 zimeenea kila mahali kwa bei ya kawaida. Kwa kulungu aliye yadi 90, gololi ya .50 iliyosukumwa na greini 80 za baruti ina nafasi ya kosa ambayo .45 haina. Tena mafunzo mengi yaliyoandikwa yanaichukulia .50 kuwa ndiyo ya kawaida, jambo linalomsaidia mwanafunzi.

Lakini hesabu ya mwaka wangu ni hii. Katika miezi kumi na miwili nafyatua kama risasi 1,500 kwenye karatasi, na moja au mbili msituni. Ratili moja ya risasi hunipa gololi 54 za .45, lakini ingenipa 39 tu za .50 na 31 za .54. Ratili moja ya baruti ina greini 7,000. Kwa kipimo changu cha shabaha cha greini 45 za baruti laini ya F tatu, daraja la punje ndogo, napata mifyatuo 155, ambapo kwa kipimo cha uwindaji cha.54 nisingefika 80. Nayeyusha risasi mwenyewe, nje, penye upepo, mbali na watoto, kwa sababu moshi wa risasi ni sumu isiyosahau. Kila gololi isiyolazimika kuyeyushwa ni dakika niliyookoa. Faida kubwa zaidi siwezi kuitia kwenye hesabu: kwa .45 nafyatua ya arobaini kama nilivyofyatua ya kwanza. Mtambo wa gumegume una ucheleweshaji wake, kwanza cheche, kisha mwako wa baruti ya kisahani kilicho kando ya mtutu, kisha mlio, na katika kipindi hicho kifupi asiyetulia huharibu kila kitu. Anayefyatua sana bila woga ndiye anayetulia.

Gharama ya uamuzi huo ni umbali. Kwa .45 nimejiwekea mpaka wa yadi 70, na nauheshimu. Januari iliyopita, theluji ikiwa imefika vifundoni, niliona dume zuri upande wa pili wa bonde dogo, yadi 90 hivi, limesimama ubavu kana kwamba limepangwa na mpiga picha. Mwenye .50 aliyejizoeza angelipata. Mimi niliinua bunduki, nikaiangalia ile alama ya mbele ikimfunika nusu ya mwili, nikaishusha. Dume likaondoka kwa hatua zake. Siku nne baadaye jike lilikuja kwenye kijia hadi hatua 55, nikaifyatua na greini 70, gololi ikapita nyuma ya bega, na jike likakimbia hatua kama 40 kabla ya kuanguka. Gololi niliikuta chini ya ngozi ya upande wa pili, imebapa kama kifungo cha koti. Haikutoka nje; ya .50 pengine ingetoka, na damu kwenye theluji ingekuwa nyingi zaidi ya kufuata. Sifichi hilo.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau ni mzunguko wa mifereji. Gololi haina urefu, hivyo haihitaji kuzungushwa kwa nguvu. Mtutu wenye mzunguko mmoja kwa kila inchi 60 au 66 huipenda, na huvumilia baruti nyingi bila kiraka kuteleza. Mzunguko mmoja kwa inchi 48, ulio kwenye Hawken nyingi za kiwandani, ni suluhu ya kati inayokubali gololi na pia risasi fupi za ncha. Bunduki za kisasa za kushindilia, zilizoenea tangu katikati ya miaka ya 1980, zina mzunguko mmoja kwa inchi 28, na zimetengenezwa kwa risasi ndefu zinazovikwa ganda la plastiki. Humo kaliba imepoteza maana yake ya zamani: mtutu ni wa .50 lakini risasi inayoruka ni ya .45. Anayenunua bunduki kama hiyo kisha akailisha gololi na kiraka asije akalaumu kaliba. Na mtutu wa aina yoyote kati ya hizi za kale usipewe kamwe baruti ya kisasa isiyo na moshi, hata kijiko kimoja, kwa sababu utapasuka mikononi.

Kijana wa Ohio alikuja kunitembelea mwezi wa Machi. Nilimwambia aache pochi nyumbani. Klabuni tuliazima .50 ya mzee yule, nikaleta .45 yangu, na ile .54 ya zamani ambayo sijawahi kuipatia mnunuzi. Nilimpa kila moja afyatue risasi ishirini kwa yadi 50, bila kumwambia ninachotazama. Ni mrefu, ana mabega ya mcheza mpira wa kikapu, na alitoka kwenye .54 akicheka. Nilipomrudishia .50 ya mzee bila kuweka fataki, mdomo wa mtutu haukutikisika. Kwao Ohio anawinda kwenye mashamba ya mahindi yaliyovunwa, ambako kulungu huonekana mbali kuliko kwenye vichaka vyangu.

Alinunua .50, ya mzunguko mmoja kwa inchi 66. Wiki iliyopita alinitumia picha ya karatasi yenye matundu matano, na senti moja ya shaba ameiweka katikati kama kipimo. Senti ya Marekani ina upana wa milimita 19. Matundu matatu yalikuwa chini yake, mawili yalikuwa yanachungulia pembeni. Niliipeleka picha ile kwa baba mdogo Sikonge, naye akauliza kama senti hiyo ingeingia kwenye mdomo wa gobore la babu. Nimemwambia naona ingeingia kwa kubana, bila kiraka.